Thelathini

Mimi ni fundi saa, Barabara ya Biashara,
kibanda cha upana wa mikono miwili.
Meno nayajua. Kila gurudumu lina yake,
na saa ikisimama sikisii:
navaa kioo cha jicho, natafuta punje
iliyokaa pasipo pake.

Mdomo wa mwanangu sikuweza kuufungua hivyo.

Munib alitimiza miaka tisa
na jino moja la mbele, la juu, upande wa kulia,
halijaja.
La utoto tulilirusha juu ya bati zamani,
akamwambia kunguru, chukua hili bovu, niletee jipya,
na kunguru wa Mombasa, mwamjua,
huchukua. Kurudisha ni habari nyingine.

Watoto wa mtaa wakamtungia:
Pengo duka la Kibokoni,
li wazi, halina sabuni.
Akawa akicheka, mkono mdomoni.
Nikimtuma mahamri ya thelathini
alisema "selasini", na Bi Khuleta
akamfungia ya sitini, ikawa deni.
Chuoni, Maalim Badi alimwinamia:
"Thaa, Munib. Ncha ya ulimi, ncha ya meno."
Meno gani, maalim?

Rukiya alisema subira. Nami nikasema subira.
Subira yavuta heri,
ila jino haivuti.

Makadara, ghorofa ya pili,
Daktari Wakesho akaibandika picha kwenye taa.
Jino lipo. Limelala juu, karibu na pua,
zima, jeupe, kama mgeni aliyefika
akakuta ngazi imejaa viatu.
Na viatu vyenyewe ni chembechembe,
furushi la vijino visivyojua ni vya nani.
"Ni uvimbe, si saratani," alisema upesi,
maana aliona nilivyoishika meza.
"Haumli mtu. Umekaa njiani tu."

Siku ya siku, ganzi. Nusu ya uso wa mwanangu
ikawa ya mtu mwingine.
Akaufunua ufizi kama pindo la kanzu,
akavitoa kimoja kimoja,
akivitia kibakulini, cha chuma: ti. Ti. Ti.
Nilihesabu. Ndiyo kazi yangu, kusikiliza ti.
Vilikuwa thelathini.
Kimoja hakifiki punje ya mtama,
kimoja kina umbo kamili la gego,
gego la panya.
Kisha juu ya jino lililolala akagandisha kifungo,
na kwenye kifungo mnyororo wa dhahabu
mwembamba kuliko wowote niliowahi kushika.
Nilitaka kumuuliza ameununua wapi.
Nikanyamaza.

Kila mwezi tulipanda ngazi zile, akakaza pete moja.
Mwezi wa nne, hakuna kitu.
Mwezi wa tano, uji mtupu; waya ulimchoma shavu,
akagoma mlangoni: "Bora pengo!"
Sikumlaumu. Siku ile ile
nilivunja kioo cha saa ya mteja.

Mwezi wa nane Rukiya akanipigia simu dukani,
hata salamu hakutoa:
"Umeandama!"
Nikadhani amechanganyikiwa, Ramadhani i mbali.
Kumbe ni ufizini: ncha nyeupe, nyembamba,
yataka macho makali kuiona.

Sasa limeshuka. Limepinda kidogo,
makali yake yana misumeno ya jino jipya.
Waya utakaa mwaka mwingine,
na bili imelala kwenye droo pamoja na karo.
Vijino thelathini nimevitia kichupani,
rafu ya juu, baina ya skurubu na mishale ya saa.
Wateja wakiuliza, nasema ni spea.

Jana nilimtuma mahamri.
Ng'ambo ya njia, pikipiki zikipita,
nikamsikia akiagiza,
na Bi Khuleta, ambaye masikio yake
husikia sarafu ikianguka Mwembe Tayari,
akajitia kiziwi.
"Ya ngapi?"
"Thelathini."
"Ya ngapi, mwanangu?"
Nikavua kioo cha jicho.
Mkono wake ulikuwa mfukoni, ukitafuta pesa.
"Ya thelathini, Bi Khuleta! The-la-thi-ni!"
Akampa, na moja juu.